Mtumbwi Uliokataa Kulala Juu

Asubuhi ya pili Kornelia alitoka chini ya turubai kabla hajanawa uso, akaenda kwanza kuangalia mtumbwi wake. Jioni aliuacha umening'inia ubavuni mwa boti, juu ya maji kiasi cha mkono mzima. Sasa ulikuwa majini. Nyuma umezama, mbele umenyanyuka kidogo, kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope akinyoosha shingo. Kasia moja halipo. Na kwenye ukingo kipande cha ukubwa wa kiganja kimeng'olewa. Hayo ni meno ya kiboko, hakuna haja ya kuuliza.

"Tena!" alisema. "Tena, jamani, tena!"

Clement mwenye boti akainua kichwa kutoka kwenye blanketi. "Umeanguka?"

"Haujaanguka. Umeshushwa."

"Mama Mary, jana pia ulisema umeshushwa."

"Jana nilisema fundo lako bovu. Leo fundo ni langu mwenyewe. Njoo uone. Fundo halijafunguka, kamba haijakatika, na mtumbwi uko chini. Una miguu huu mtumbwi? Mtu amelegeza usiku, akafunga tena."

"Akafunga tena fundo lako lile lile?"

"Wezi wanajifunza, mwanangu. Wewe ndiye hujifunzi."

Clement akarudisha kichwa kwenye blanketi. Na Kornelia akabaki anavuta maji kwa sufuria ya ugali kutoka kwenye mtumbwi wa marehemu mume wake, huku anasonya.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ziwa Basotu lina viboko, na serikali ilitaka kujua ni wangapi. Ikamleta Fransiska, binti wa Bukoba, mtaalamu wa wanyama, mwembamba, mwenye miwani na daftari. Viboko huhesabiwa alfajiri na jioni, na wakisikia injini wanazama wote, unabaki unahesabu mapovu. Kwa hiyo Fransiska akaomba boti la tanga. Boti la tanga ziwani pale liko moja tu, la Clement. Aliliunda Mjerumani mmoja anaitwa Wolfgang, fundi wa matrekta wa zamani kwenye mashamba ya ngano, na alipochoka na nchi yetu akarudi kwao, akamwachia Clement aliyekuwa akimshikia spana. Wangekaa juu ya maji usiku tano, wanahama kutoka pembe moja ya ziwa kwenda nyingine, wanatia nanga, wanalala.

Lakini boti la Wolfgang lina tumbo refu, haliwezi kufika ufukweni. Litakwama. Ukitaka kuni, ukitaka kwenda haja, ukitaka kuangalia njia za viboko kwenye nyasi, lazima uwe na kitu kidogo cha kukufikisha nchi kavu. Hapo ndipo Kornelia alipoingia. Alikuwa na mtumbwi ambao Qamara, mume wake, aliuchonga kwa mti mmoja, miezi minne, kwa tezo tu. Qamara alikufa, ng'ombe wakapungua, Mary akaolewa mbali, mtumbwi ukabaki. Kornelia alikubali kuja, kupika na kuvusha watu, kwa sharti moja: mtumbwi wake, kamba yake, kasia lake.

Na mtumbwi hauachwi majini usiku. Upepo ukigeuka unagonga ubavu wa boti, ngo, ngo, ngo, mpaka kuche, na hakuna anayelala. Hilo ni dogo. Kubwa ni kiboko. Kiboko akitoka kula, akikuta kitu kimeelea njiani kwake, hakiulizi jina. Kwa hiyo jioni mtumbwi unavutwa juu kwa kamba inayopita kwenye kapi kule mlingotini, unaning'inizwa ubavuni, chini yake wazi, kiboko apite zake.

Kamba ya tanga ilikuwa imechakaa, Clement hakutaka kuitegemea. Siku ya kwanza akasema atatafuta kamba ya nailoni. Kornelia akamtazama kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Ya plastiki? Mtumbwi wa Qamara uning'inizwe kwa plastiki kama ndoo ya kisimani?"

Akatoa ukanda wake wa ngozi. Hapo lazima niseme ukweli: kuanzia Basotu mpaka Balangdalalu hakuna mwanamke aliyemshinda Kornelia kwa mikanda ya ngozi. Anakata ngozi ya dume kwa kuzungusha, anapata uzi mmoja mrefu usio na kiungo, anasuka nne kwa pamoja, anapaka mafuta ya mkia wa kondoo. Mikanda yake imefunga madume ya kulima, imefunga paa za nyumba, imefunga mpini wa shoka mpaka shoka likaisha na mpini ukabaki. Alijua ngozi kuliko katekista anavyojua sala.

Na usiku mbili mfululizo mtumbwi ukashuka.

Clement alipoamka sawasawa alikuja akasimama mbele yake, mikono nyuma. "Mama Mary, nakuheshimu kama mama yangu mzazi."

"Sema unalotaka kusema. Heshima tumeshaimaliza tuliposalimiana."

"Leo ni mara ya mwisho. Ukishuka tena, kesho nakurudisha nchi kavu, wewe na mtumbwi wako, na Idd ataleta wa kwake. Mimi nina mgeni wa serikali hapa. Kiboko akivunja mtumbwi tukiwa katikati ya ziwa, tunatokaje?"

"Na akiuvunja, mimi nabaki na nini?" Kornelia aliuliza. Hakuuliza kwa sauti ya kugomba, na Clement akaangalia pembeni. Mng'ato ule ulikuwa vidole vinne juu ya mstari wa maji. Mng'ato mwingine chini ya hapo, na mtumbwi wa Qamara ungekuwa hori la kulishia nguruwe.

Wakati huo huo, kama aliyeitwa, Idd akatokea anapiga makasia. Idd ni mvuvi, alihamia kutoka upande wa Singida na nyavu zake na maneno yake mengi.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba," Kornelia alijibu, maana hata ukigombana na mtu, shikamoo yake haiachwi hewani.

"Naona mtumbwi umeoga tena. Ni msafi kuliko wewe, bibi."

"Umejuaje kwamba ni tena?"

"Ziwa zima linajua. Jana nimewaambia wenzangu, huyo bibi anafuga mtumbwi, jioni anaufunga, usiku unakwenda kunywa maji." Akacheka, akainua kamba yake ya bluu iliyokunjwa kwenye mtumbwi wake. "Nikuazime kamba ya wanaume?"

Hapo damu ikampanda Kornelia. Akaunganisha maneno kama mtu anayeunganisha uzi: Idd anataka nafasi yake. Idd anapita ziwani usiku. Idd anajua mambo ya usiku. Atajuaje, kama siye yeye?

Akasimama kwenye ukingo wa boti, akavua kitambaa kichwani, nywele nyeupe zikaonekana. Clement alipoona kitambaa kimetoka akasema, "Mama, usifanye hivyo." Lakini alishaanza.

"Aliyelegeza kamba ya mtumbwi wa Qamara, mikono yake ilegee hivyo hivyo. Alichoshika kimwanguke. Asishike jembe, asishike kasia, asishike hata kijiko. Mimi Kornelia nimesema."

Fransiska hakuelewa desturi ile, lakini aliacha kuandika. Kwetu mama mzee akitoa neno kama hilo, neno halichoki njiani. Linamtafuta mwenyewe mpaka limpate, na hakuna wa kulirudisha isipokuwa yule aliyelitoa, mbele ya yule aliyetamkiwa. Idd akageuza mtumbwi wake akaenda, na makasia yake hayakuwa na mwendo ule wa kujia.

"Umemlaani mtu bila ushahidi," Clement alisema.

"Kama hakulegeza, limemhusu nini? Neno lina macho."

Mchana Kornelia alipika ugali. Alipoupindua kwenye sinia, mwiko ukamponyoka, sufuria ikaufuata, na ugali wote ukatua kwenye mbao za Wolfgang. Alisema sufuria ina mafuta. Alipochota maharage, upawa nao ukadondoka. Alisema watu wa siku hizi hawatengenezi upawa, wanatengeneza mapambo. Walikula ugali uliofutwa vumbi.

Baada ya chakula alisema anakwenda nyumbani kuchukua kasia lingine na ukanda mpya, mnene zaidi, wa dume mweusi, ambao hata tembo asingeulegeza. Fransiska akaomba wafuatane, aangalie njia za viboko upande ule. Kornelia akapiga kasia moja, kushoto, kulia, kushoto, kulia, anahema, hataki kusaidiwa. Binti akasema, "Bibi, nikupokee?" Akajibiwa, "Wewe hesabu nyama zako."

Nyumba ya Kornelia haiko mbali na maji. Wakapita zizini. Kwenye boriti la zizi ulikuwa unaning'inia ule ukanda wa dume mweusi, na mwishoni mwake jiwe la kusagia lililovunjika, limefungwa kwa fundo. Jiwe lilikuwa limekaa chini, juu ya samadi.

Fransiska ni mtu wa kuuliza, ndiyo kazi yake. "Bibi, hilo jiwe la nini?"

Kornelia akafurahi kidogo, mara ya kwanza siku ile. Hatimaye mtu amemwuliza kitu anachokijua.

"Ukanda mpya una ubishi, mjukuu wangu. Ukiufunga hivyo hivyo unakuja kukuangusha baadaye. Kwa hiyo unauadhibu kwanza. Unauloweka maji mpaka unywe. Unauning'iniza. Unafunga jiwe. Nilipoondoka hapa hilo jiwe lilikuwa juu, hapa, usawa wa kiuno changu. Halafu unauacha usiku. Umande unaulainisha, jiwe linavuta, ukanda unarefuka wenyewe taratibu bila mtu kuugusa, mpaka asubuhi unakuta jiwe liko..."

Akaangalia jiwe. Akaangalia boriti. Akaangalia jiwe tena. Ukanda ule haukuwa umekatika, fundo halikuwa limefunguka, hakuna mtu aliyeugusa, na jiwe lilikuwa chini.

"Liko chini," Fransiska alimalizia kwa heshima. Halafu mkono wake ukapanda kwenye miwani. "Bibi... kwa hiyo na ule wa kwenye boti, na maji yanayochuruzika kutoka kwenye mtumbwi, na ukungu wa ziwani..."

"Nyamaza."

"Nilikuwa nasema tu..."

"Najua ulichokuwa unasema. Nilikuwa nafunga ngozi kabla mama yako hajaota meno. Nyamaza, nakuomba."

Akakaa juu ya lile jiwe. Miaka hamsini na zaidi ya kufunga vitu nchi kavu! Nchi kavu unafunga ukanda ukiwa mbichi, jua linaukausha, unakaza mpaka mti unalia. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake, ndivyo alivyowafundisha wengine mpaka Masakta. Na kule ziwani ameufunga vile vile, mbichi, kwa mkono wa kujivuna, akangojea ukauke. Ukauke wapi? Juu ya maji, kwenye ukungu, na mtumbwi wa mti mzima ukivuta usiku kucha kama jiwe. Alikuwa haufungi mtumbwi. Alikuwa ananyoosha ukanda.

Hasira ilimpanda mpaka masikioni, na hakuwa na pa kuipeleka. Fundo la Clement, bure. Idd, bure. Akakumbuka neno lake la asubuhi, *alichoshika kimwanguke*, akauona ugali unatua kwenye mbao. Neno lina macho. Lilikuwa halijahangaika hata kidogo kutafuta. Lilikuwa linakaa naye jikoni.

"Twende," alisema.

"Boti?"

"Kwa yule Mnyaturu."

Idd alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake, nyavu zimelundikwa miguuni, hazijaguswa. Mikono yake ilikuwa katikati ya magoti, imeshikana, kama mtu anayechunga vitu visikimbie. Pembeni mzee Hhando alikuwa anakausha perege kwenye chanja.

"Shikamoo bibi," Idd alisema. Safari hii hakuongeza kitu.

"Marahaba. Mbona hukuvua?"

"Nimepumzika."

"Umepumzika tangu asubuhi?"

"Mimi siamini mambo hayo ya kwenu," Idd alisema. "Mimi naswali. Ila nimeona leo nipumzike tu. Mtu si anapumzika?"

Kornelia akainama, akang'oa majani mabichi kando ya njia, akayashika kwa mikono miwili. Ilimuuma mgongo kuinama na ilimuuma zaidi kuinuka. Kwetu mtu anayekuja na majani mabichi mkononi amekuja kwa amani, na hata kama wewe ni wa Singida umekaa hapa miaka ya kutosha kulijua hilo. Idd akasimama.

"Sikulegeza kamba yako, bibi."

"Najua."

"Nani amelegeza?"

Kornelia akasema kitu, chini chini, kama anaongea na majani.

"Sijasikia."

"Umesikia."

"Mimi nimesikia," Idd alisema, na macho yake yakaanza kurudi kwenye utundu wake. "Lakini mzee Hhando pale hasikii vizuri, na asubuhi habari zangu zilimfikia. Mwambie na yeye."

Fransiska akaangalia chini. Kornelia akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Ukanda wangu umejilegeza wenyewe!" alipiga kelele, na ndege wakaruka kwenye matete. "Ngozi ikilowa inarefuka! Nilijua, nikasahau! Idd hana kosa! Neno langu la asubuhi nimelirudisha! Mikono yake iwe na nguvu! Ashike kasia, ashike kijiko, ashike na samaki wote wa ziwa hili kama anataka! Umesikia, Hhando?"

"Nimesikia," Hhando alisema bila kugeuka. "Hata Katesh wamesikia."

Kornelia akampa Idd nusu ya majani, akabaki na nusu. Akaomba maji, akayatia mdomoni, akayapuliza kidogo kwenye mikono ya Idd, na mengine, kwa kujificha, kwenye mikono yake mwenyewe. Idd akafungua na kufunga vidole. Akacheka, lakini kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

"Haya. Na kilichokuleta?"

"Ni hicho tu."

"Na kamba?"

"Nimetaja kamba mimi?"

"Hujaitaja. Unaiangalia tangu ulipofika."

Kamba ya bluu ilikuwa imekunjwa juu ya mtungi. Kornelia aliitazama kwa chuki ya kweli. Rangi yake haikuwa rangi ya kitu chochote alichoumba Mungu. "Inalowa hiyo?" aliuliza.

"Hailowi."

"Inarefuka?"

"Bibi, hiyo ukiifunga leo, wajukuu wako wataikuta pale pale. Chukua. Utanirudishia mkimaliza. Lakini mimi siji kuifunga, nisije nikasingiziwa."

"Nani amekuomba uje? Mikono ninayo."

Akaondoka na kamba begani, na kila hatua ilimkwaruza shingo.

Jioni ile waliovuta mtumbwi walikuwa watatu, na aliyetoa amri alikuwa mmoja. "Clement, toa kwanza kizibo cha chini, mvua ikinyesha maji yatoke. Siyo hivyo, kiweke mfukoni, usikipoteze. Mbele ikae juu kuliko nyuma. Juu zaidi. We binti, viroba vya nyasi viko wapi? Weka hapo katikati, usigonge ubavu. Sasa vuta. Vuta, Clement, umekula ugali wangu wa nini?"

"Ule wa kwenye mbao," Clement alijibu huku anavuta.

Mtumbwi ukapanda unachuruzika, ukafika juu ya ukingo wa boti, juu kuliko siku zile mbili. Kornelia akafunga mwenyewe. Kamba ya nailoni inateleza, haishiki fundo la ngozi, likamfunguka mara mbili. Mara ya tatu Clement akanyoosha mkono, akauona uso wake, akaurudisha. Mara ya tano fundo likashika. Akafunga na mbele, akafunga na nyuma, usiyumbe.

Kisha akachukua ukanda wake wa zamani wa ngozi, akaupitisha kwenye mtumbwi, akaufunga pembeni ya kamba ya bluu.

"Na huo wa nini?" Clement aliuliza. "Haubebi kitu."

"Ni wangu."

Kornelia alilala vibaya. Upepo ulipopita aligeuka, mapovu yalipolia chini ya boti aligeuka. Lakini hakuinuka kwenda kuangalia. Alijikataza. Alisema moyoni, ukiwa juu, uko juu. Ukiwa chini, nitajua kukicha kama wengine.

Kulipopambazuka alitoka chini ya turubai. Akanawa uso kwanza, makusudi, taratibu, na masikio pia. Ndipo akaenda.

Mtumbwi ulikuwa juu. Mkavu ndani, kasia jipya limelala pale alipoliweka, mng'ato ule ule mmoja. Kamba ya bluu ilikuwa imenyooka kama jana, haikurefuka hata upana wa kidole. Chini yake maji yalikuwa bado yanazunguka mapovu pale kiboko alipopita zake. Na pembeni ukanda wa ngozi, ambao haukubeba kitu chochote isipokuwa umande na uzito wake wenyewe, ulikuwa umelegea umetengeneza kitanzi kirefu, na tumbo la kitanzi lilikuwa linagusa maji.

"Umelala juu, Mama Mary!" Clement aliita kutoka kwenye blanketi. "Unabaki na sisi!"

"Naona. Mimi kipofu?"

Idd akapita mbali, anapiga makasia kwa nguvu kuliko inavyohitajika, ili aonekane. "Shikamoo bibi! Kamba imelalaje?"

"Marahaba! Imenichubua viganja!"

"Ndiyo asante hiyo?"

"Ndiyo hiyo, ishike vizuri isikudondoke!"

Kicheko cha Idd kikaja juu ya maji. Kornelia hakucheka. Akafungua ukanda wa ngozi, akauvuta pole pole kutoka ziwani, akaukamua kwa mikono miwili. Ulikuwa mrefu kuliko ulivyopata kuwa, mlaini, umeshiba maji, umenyooka vizuri kabisa. Kazi ya usiku tatu. Ungefaa sana kufunga dume.

Akajizungushia kiunoni mara nne, ukiwa mbichi, akakaza, akaenda kuwasha jiko.